Punda jike anapokaribia kuzaa: dalili, saa na hatua kwa mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Anayefuga punda Rujewa, Pawaga au Isimani mara nyingi ni mfugaji wa ng'ombe kwanza. Amezalisha ng'ombe tangu utotoni, na dalili zao anazijua hata gizani: ute unaoning'inia kama kamba, nyonga zinazolegea, mtamba anayehangaika saa tatu kabla ndama hajatoka. Ujuzi huo ni mali, lakini ukiutumia kwa punda kama ulivyo utampoteza mwanapunda, pengine na mama yake. Punda ni wa ukoo wa farasi. Mimba ya ukoo huo ni ndefu na dalili zake zimejificha, halafu chupa ya maji ya uzazi ikishapasuka kila kitu kinaisha ndani ya nusu saa. Ng'ombe akikwama, bado una muda wa kupanda bodaboda ukamtafute daktari wa mifugo. Kwa punda muda huo haupo. Anayemwokoa ni mtu aliyejua mapema kwamba usiku ndio huu, akakaa macho.

Hasara yake nayo ni kubwa. Punda huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya mwaka mzima, kwa hiyo mwanapunda mmoja akifa unaweza kukaa miaka miwili bila kuongeza mnyama zizini. Biashara ya ngozi imepunguza punda barani kiasi kwamba Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda jike mwenye mimba ni wa kulindwa.

Hesabu ya siku

Andika tarehe aliyopandwa. Mimba ya punda ni miezi 12 kwa wastani, lakini anaweza kuzaa mwezi wa 11, na anaweza kufika mwezi wa 14 akiwa mzima kabisa. Akipandwa tarehe 10 Machi, anza kumwangalia kila siku kuanzia tarehe 10 Februari ya mwaka unaofuata, wala usishtuke Aprili ikiingia kabla hajazaa. Usimruhusu mtu yeyote amchome sindano ya kuanzisha uchungu kwa sababu tu "siku zimepita". Mwanapunda huiva katika wiki za mwisho, na akitolewa kabla ya wakati wake mara nyingi hafiki wiki. Kwa wachache wanaofuga farasi, wastani ni siku 340. Dalili zilizoelezwa hapa ni zilezile.

Kama hujui tarehe, kwa sababu dume huzurura na majike yote, huna budi kutegemea mwili wenyewe, na hapo ndipo mazoea yanapokusaidia. Mshike kiwele na chuchu mara kwa mara tangu mapema, ili siku ya hatari asikupige teke kwa kushtuka.

Miezi mitatu ya mwisho

Mtoe kwenye mkokoteni. Kutembea malishoni kunamfaa, ila kuvuta magunia ya mpunga hapana. Kamba na mikanda inayomkaza kifuani na tumboni iondolewe kabisa.

Usimnyime chakula, hata akionekana mnene. Punda akikaa bila kula hata siku moja, hasa akiwa na mimba, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi hadi damu inajaa mafuta na ini linashindwa kazi. Ugonjwa huo unaua haraka, na huanza kimyakimya: punda kasimama, kainamisha kichwa, hagusi majani. Punda mwenye mimba aliyegoma kula tangu asubuhi ni wa kupigiwa daktari simu siku hiyohiyo.

Jambo jingine linahusu sana mikoa yetu ya mahindi. Mahindi au pumba zilizoota ukungu, ambazo watu huona ni hasara kuzitupa, kamwe zisiende kwa punda. Sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa wanyama wa jamii ya farasi, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma.

Wiki nne hadi sita kabla ya tarehe uliyokadiria, mwombe daktari amchanje dhidi ya pepopunda. Chanjo ikitolewa wakati huo, kinga huingia kwenye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, na mwanapunda huinywa humo.

Mahali pa kuzalia

Mhamishie mahali pa kuzalia angalau wiki tatu kabla, ili azoee na mwili wake utengeneze kinga dhidi ya vijidudu vya hapo. Punda hupata mfadhaiko akitengwa peke yake, kwa hiyo rafiki yake awe karibu, upande wa pili wa uzio. Dume akae mbali. Kuna madume yanayomshambulia mwanapunda mchanga hadi kumuua. Mbwa wa nyumbani wafungwe, na palipo na fisi uzio uwe wa miiba au mbao zilizobanana.

Eneo la mita 3 kwa 3 linatosha kwa punda wetu wa kawaida, ila asizalie ameegemea ukuta. Aliyelala matako yakigusa ukuta hana nafasi ya kumtoa mtoto. Tandika nyasi kavu au mabua ya mpunga kwa unene wa kiganja kilichosimama. Mafinga na Sao Hill vumbi la mbao ni la bure na linavutia, lakini usilitumie kuzalishia: linanata kwenye pua na kitovu kibichi. Ukiwa Makete au milima ya Uporoto, Juni na Julai zizi liwe na paa na ukuta upande wa upepo. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na mwanapunda aliyelowa kwenye baridi ya usiku wa Kitulo hana nguvu ya kusimama anyonye.

Dalili, kuanzia za mbali hadi za saa za mwisho

Hakuna dalili moja inayotosha. Unatafuta mkusanyiko, na unatafuta mabadiliko kutoka jana. Mwangalie asubuhi na jioni, saa zilezile.

*Kiwele.* Huanza kujaa wiki mbili hadi nne kabla. Mwanzoni hujaa usiku akiwa amesimama, kisha mchana akitembea hupungua. Siku ambayo kiwele kimejaa asubuhi na jioni bado kimejaa, umeingia kwenye wiki ya mwisho. Kwa anayezaa mara ya kwanza, kiwele kinaweza kubaki kidogo hadi siku mbili au tatu za mwisho, kwa hiyo udogo wake usikulaze usingizi. Uvimbe laini unaobonyea mbele ya kiwele, kwenye tumbo, ni maji tu na ni kawaida.

*Tumbo.* Kwa wiki nyingi linakuwa pana kwa pembeni. Mtoto akijipanga, linashuka. Simama nyuma yake: ukiona limechongoka kuelekea chini na ubavu wa nyuma umebonyea, amejipanga.

*Shina la mkia.* Hii watu wengi huiruka, nayo ni nzuri sana. Weka vidole viwili upande mmoja wa mfupa wa mkia, pale mkia unapoanzia, ubonyeze. Siku za kawaida nyama ya pale ni ngumu kama tairi la baiskeli lililojazwa vizuri. Siku za mwisho inakuwa kama unga wa chapati uliokandwa ukaachwa, na alama ya kidole inabaki kwa muda. Bonyeza pande zote mbili kila siku, mtu yuleyule, vidole vilevile.

*Uke.* Unarefuka na kulegea, mikunjo inanyooka. Usisubiri kamba ya ute kama kwa ng'ombe, kwa sababu punda hatoi. Ukiona usaha, damu au uchafu wenye harufu ukimtoka wiki kadhaa kabla ya wakati, huku kiwele kikijaa mapema kupita kawaida, huenda kondo limepata maambukizi. Hiyo ni dharura, na daktari akiwahi, mimba inaweza kuokolewa.

*Chuchu na nta.* Hapa ndipo penye ushahidi mkubwa. Punda ana chuchu mbili. Kwa muda mrefu huwa zimesinyaa, msingi umejaa lakini ncha ni nyembamba. Siku za mwisho zinajaa hadi nchani na kutazama nje kidogo. Kisha, kwa wengi, kila ncha inatokeza tone la rangi ya asali linaloganda kama nta ya mshumaa. Nta hiyo ikionekana, kuzaa huwa ndani ya siku moja hadi mbili, ingawa wapo wanaokaa siku nne, na wapo wasioitoa kabisa. Usiibandue.

*Rangi ya maziwa.* Kwa vidole safi, kamua tone moja tu kwenye kiganja. Mapema ni kama maji yenye unjano hafifu. Baadaye yanakuwa mazito yenye kunata kama asali, na karibu kabisa na kuzaa yanageuka meupe. Nasisitiza tone moja, mara moja kwa siku. Kila unachokamua ni dang'a ya mwanapunda, na dang'a haitengenezwi mara mbili. Maziwa yakianza kudondoka yenyewe au kuchirizika hadi kwenye miguu kwa saa nyingi kabla hajazaa, yakinge kwenye chombo kilichochemshwa, yahifadhi kwenye friji, na umjulishe daktari, kwa sababu atakapozaa huenda aliyobaki nayo hayana kinga ya kutosha.

*Joto.* Punda mkubwa mzima ana nyuzi 36.5 hadi 37.8. Kwa kawaida joto la jioni huwa juu kidogo ya la asubuhi. Ukipima mara mbili kwa siku kwa wiki mbili na kuandika, utaona jioni moja ambapo halikupanda, au limeshuka chini ya la asubuhi. Ni dalili nzuri kwa mwenye daftari. Bila daftari haina maana.

*Tabia.* Anajitenga, anaacha kula kwa vipindi, anageuza shingo kutazama ubavu, anakwaruza ardhi kwa kwato, anainua mkia, anakojoa na kunya kidogokidogo mara nyingi, anajilaza na kuinuka. Jasho huonekana nyuma ya viwiko na ubavuni. Hapo uchungu umeanza, na kipindi hiki huchukua saa moja hadi nne. Punda ni hodari wa kuficha maumivu, kwa hiyo dalili kwake ni ndogo kuliko kwa farasi. Akigundua unamkodolea macho, anaweza kuahirisha. Kaa mbali, zima redio, tumia tochi hafifu.

Dalili hizi za tabia zinafanana na za msokoto wa tumbo. Tofauti ni hii: kwenye uchungu kiwele kimejaa, mkia umelegea, na kati ya vipindi anatulia na hata kuchuma majani. Kwenye msokoto maumivu hayampi nafuu, hanyi, na chuchu bado zimesinyaa. Ukiwa na shaka, piga simu.

Vya kuwa navyo karibu

Tochi mbili zenye betri mpya, ndoo mbili, maji safi, sabuni ya kipande, glavu, taulo kuukuu zilizofuliwa, mkasi wenye ncha butu, kamba nyembamba safi, kikombe kidogo, na dawa ya kitovu kutoka duka la dawa za mifugo: klorheksidini ya asilimia 0.5 au aidini iliyopunguzwa nguvu. Aidini kali isiyochanganywa huunguza ngozi laini ya kitovu. Simu iwe na chaji na salio. Mpigie daktari au afisa mifugo wa kata mchana, umwambie kwamba huenda ni leo, na umuulize kama atapatikana usiku. Wengi huzaa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Masika, barabara ya tope kati ya kijiji na mji huongeza saa nzima, na saa hiyo mwanapunda hana.

Usiku wenyewe

Chupa ikipasuka, maji mengi yanamwagika ghafla. Tazama saa na uiandike.

Ndani ya dakika tano unapaswa kuona ngozi nyembamba nyeupe yenye ubuluu ikichomoza, na ndani yake kwato. Mpangilio sahihi ni kwato mbili za mbele, nyayo zikitazama chini, moja ikitangulia nyingine kwa kiasi cha upana wa kiganja, kisha pua imelala juu ya magoti. Kutangulia kwa mguu mmoja si kasoro: ndivyo mabega yanavyopita moja moja. Dakika 20 hadi 30 tangu maji yamwagike, mwanapunda anapaswa kuwa chini.

Acha afanye mwenyewe. Ukiingilia, ingilia kwa sababu mojawapo ya hizi.

Kinachotokeza ni chekundu kama nyama, chenye uso wa mahameli, badala ya kile cheupe. Hapo kondo limeachia kabla ya mtoto kutoka, na hewa yake imekatika. Usipige simu kwanza. Pasua ngozi hiyo nyekundu sasa hivi kwa mkasi, bila kumjeruhi mtoto, tafuta miguu, na mama akisukuma, vuta. Simu baadaye. Hii ndiyo dharura pekee ambayo mtu asiye daktari lazima aimalize mwenyewe, maana inahesabiwa kwa dakika.

Dakika 10 zimepita akisukuma kwa nguvu na hakuna kinachosogea. Au unaona mguu mmoja tu. Au pua bila miguu. Au nyayo zinatazama juu, ambako mara nyingi ni miguu ya nyuma. Mpigie daktari, mwinue mama, mtembeze taratibu. Akisimama na kutembea nguvu ya kusukuma hupungua, na mtoto hapati kubanwa zaidi wakati mnasubiri.

Mpangilio ni sahihi ila mama amechoka. Nawa hadi kwenye kiwiko, shika miguu juu ya vifundo, vuta pale tu anaposukuma, kwa kuelekea chini, kwenye visigino vya mama, wala si kuelekea kwako. Watu wawili wanatosha. Kufunga kamba na kuita vijana wanne, kama wanavyofanya kwa ng'ombe wa kisasa mwenye ndama mkubwa, kunavunja mbavu za mwanapunda na kuchana mama.

Mwanapunda akishuka

Kama ngozi bado imefunika pua, ipasue na upanguse puani kwa kitambaa. Kisha rudi nyuma. Kitovu kisikatwe, kitakatika chenyewe mama akiinuka au mtoto akijivuta. Kikishakatika, jaza dawa kwenye kikombe, kizamishe chote kwa sekunde chache, na urudie mara tatu au nne katika siku mbili za kwanza.

Vitu viwili huwatisha watu bure. Kwato za mwanapunda zinatoka zimefunikwa kwa nyuzi laini nyeupe zenye unjano, kama nyama ya uyoga. Si kilema. Zimemkinga mama asichanwe ndani, na zitakauka na kudondoka akianza kutembea. Kitu cha pili ni kipande cha kahawia, laini kama ini, kinachokutwa kwenye majimaji ya uzazi. Ni masalia yaliyojikusanya ndani ya kondo miezi yote hiyo. Kizike tu.

Kumbuka moja, mbili, tatu. Ndani ya saa moja awe amesimama, ndani ya saa mbili awe amenyonya, na ndani ya saa tatu kondo liwe limetoka.

Kunyonya kuthibitishwe kwa macho. Mwanapunda anaweza kusimama chini ya kiwele saa nzima asipate chochote. Mtazame usoni: akiwa na maziwa yaliyokauka kwenye paji la uso, huku kiwele cha mama kimejaa na kinadondoka, hanyonyi, yanamwagikia tu. Mwongoze mdomo kwenye chuchu kwa upole. Saa nne zikipita, kamua, na umnyweshe kwa chupa yenye nyonyo, mililita 200 hivi kila saa, kichwa kikiwa usawa wa mgongo na ikiwa ana nguvu ya kunyonya. Asiyenyonya usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Huyo ahudumiwe na daktari kwa mpira. Utumbo wake unapokea kinga vizuri zaidi katika saa 6 hadi 12 za kwanza, na baada ya siku moja mlango umefungwa.

Kinyesi cha kwanza, cheusi na kigumu, kitoke ndani ya siku ya kwanza. Akiinua mkia na kujikamua bila kutoa kitu, mwite daktari.

Kondo

Mfugaji wa ng'ombe amezoea kusubiri hadi kesho. Kwa punda, kondo lililozidi saa tatu ni la kupigiwa simu, na likifika saa sita bila matibabu sumu inaweza kuingia kwenye damu na kushuka hadi kwenye kwato, ambako inaweza kuacha kilema cha kudumu. Linaponing'inia, lifunge fundo kwa kamba likae juu ya visigino asilikanyage. Usilivute, usilifungie jiwe, usilikate.

Likitoka, litandaze chini. Lina umbo la suruali: miguu miwili na kiuno, na tundu moja tu alilopitia mtoto. Kagua ncha za miguu yote miwili, hasa ule mwembamba, kwani ndiko kunakokatikia. Ncha ikikosekana, kipande kimebaki tumboni. Liweke kwenye ndoo yenye mfuniko daktari akalione, mbali na mbwa.

Wiki zinazofuata

Mpe mama maji ya uvuguvugu na majani mazuri mara moja, na uhakikishe anakula. Pima joto lake kila siku kwa siku tano. Likizidi nyuzi 38 mjulishe daktari. Siku ya tano hadi ya kumi na mbili hivi atarudi kwenye joto la kutaka dume, na kipindi hicho mwanapunda hupata kuhara kwepesi kunakoisha chenyewe, ilimradi anaendelea kunyonya. Dume lizuiliwe wakati huo, joto la pili ndilo bora kwa kumpandisha. Mkokoteni usubiri angalau miezi mitatu, na mama akianza, aanze na mzigo mwepesi wa safari fupi, mwanapunda akikimbia pembeni ili anyonye kila wanaposimama.